Youth, youths au young people? Bango linachapishwa leo

Kijiwe_Tandika:
Wakuu, habari za mchana. Nipo Kariakoo kwa fundi wa mabango, foleni inasogea na maneno bado hayajakaa sawa. Kikundi chetu cha kuosha magari kinatembelewa Jumamosi na wageni wasiojua Kiswahili, kwa hiyo bango na barua ya kuwakaribisha vyote viwe kwa Kiingereza. Karatasi niliyopewa imeandikwa "TANDIKA YOUTHS CAR WASH". Mdogo wangu wa kidato cha nne anasema niweke "teenagers". Mwenzangu mmoja anataka "kids", eti tuonekane wadogo tuhurumiwe. Tupo 14, mdogo wetu ana miaka 19, mwenyekiti 38. Nichukue lipi?

Mwl_Chaki:
Toa hiyo s haraka kabla fundi hajabonyeza. "Youth" ikitangulia nomino nyingine haichukui s: "youth group", "youth team". Na hata ikisimama peke yake, "the youth" inatosha kumaanisha vijana wote kwa jumla, ingawa neno hilohilo pia ni ujana wenyewe.

"Youths" ipo, si kosa la sarufi. Tatizo ni harufu yake. Soma magazeti ya Kiingereza: hao "youths" mara nyingi ni wanaume, na mara nyingi habari yao ina polisi ndani. Wamekimbizwa, wamevunja vioo, wamekamatwa. Ukiandika kwenye barua "We are fourteen youths from Tandika", mgeni atasoma kama mmepanda kizimbani.

Binti wa Buza:
Mwalimu umenichekesha 😂 Ila kweli.

Huyo wa kidato cha nne mwambie "teenager" ina hesabu ndani yake: ni namba zinazoishia na "teen", yaani 13 hadi 19. Ukifika 20 umeshatoka. Hapo kijiweni kwenu anabaki dogo mmoja tu.

Sindano_Taratibu:
Niongezee la kazini kwangu. "Adolescents" ni neno letu sisi wa afya, WHO wanahesabu miaka 10 hadi 19, na kwa Kiswahili tunaandika vijana balehe. Hakuna anayelitumia kijiweni. "Juvenile" ndiyo usiliguse kabisa, hilo ni la sheria. Ile Mahakama ya Watoto pale Kisutu kwa Kiingereza ni "Juvenile Court". Mtu akimwita mwenzake hivyo mtaani, anamtukana kwamba ana utoto.

Mzee wa Dawati:
Na "kids" je? Asili yake ni mwanambuzi. Wenyewe wanaitumia kwa watoto wao nyumbani, kwa mapenzi, kama sisi na "madogo". Sasa mtu ana ndevu na watoto wawili, bango linasema "kids"?

"Youngster" nayo ni tamu lakini ni ya mkubwa kumsema mdogo. Kwenye mpira wa Kiingereza inakaa palepale ambapo watangazaji wetu wanasema kinda. Ni kama dogo: unaitwa, hujiiti.

Mwl_Chaki:
Mzee kamaliza. Kwenye barua basi andika "young people". Ndivyo watu wanavyozungumza, ina wanaume na wanawake, haina polisi wala hotuba. "The youth" kila sentensi itafanya barua isikike kama mkutano wa hadhara.

Kipimo_Sahihi:
Hakuna aliyeona umri wa mwenyekiti? Sera ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 inasema kijana ni miaka 15 hadi 35. Umoja wa Mataifa ndiyo wanabana zaidi, 15 hadi 24. Kiswahili chetu kinambeba, maana mtu ana 42 akigombea udiwani bado ni "kijana wetu". Kiingereza cha wageni hakitambeba.

Binti wa Buza:
Si mumwandike "patron" tu yaishe.

Sindano_Taratibu:
Au asimame nyuma kwenye picha.

Kijiwe_Tandika:
Nawashukuru sana wakuu. Bango limetoka: TANDIKA YOUTH CAR WASH. Nilidhani kupunguza herufi kutapunguza bei, fundi kanicheka, anatoza kwa mita. Barua nimeweka "young people" mara mbili, na "the youth" nimeacha sehemu moja tu maana katibu ameing'ang'ania.

Tatizo nililobaki nalo ni moja. Kuna mtu kamtumia mwenyekiti huu uzi, na sasa hivi ananipigia kwa mara ya tatu. Sijapokea.