Mrejesho: kulinganisha sekondari za serikali za halmashauri yetu

Wadau, asanteni. Niliuliza nilinganisheje shule za kata kwa matokeo ya kidato cha nne ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania). Asilimia ya ufaulu inadanganya, kwa sababu daraja la IV, la chini kabisa kati ya yanayofaulu, nalo huhesabiwa kufaulu. Shule yenye watahiniwa 200, waliofaulu 180, 140 kati yao wakiwa na IV, inaonyesha 90%. Jumlisha I hadi III, kisha gawanya kwa waliofanya mtihani: inabaki 20% tu!

GPA ya kituo (wastani wa alama za shule nzima) isomwe kinyume, ndogo ndiyo nzuri. Kwa sayansi, angalia waliofanya Fizikia ni wangapi. Wakiwa watano tu waliochujwa, wastani wa somo huonekana mzuri kuliko hali halisi.

Kingine muhimu mno: linganisha idadi ya kidato cha pili 2022 na cha nne 2024. Ikishuka sana, kaulizeni shuleni watoto walikwenda wapi.