Mdogo wangu haamini Mungu: chuki yangu kwake ina akili ndani yake?

Kiwira_Juu
Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni Mmoravian, nalima chai na migomba karibu na Tukuyu. Tumezaliwa wawili wa kiume. Mdogo wangu alirudi kutoka chuoni haamini tena. Akasema mapenzi na chuki ni kemikali za mwilini, hazina akili yoyote. Nikamjibu kwamba asiye na Mungu hana sababu ya kumpenda mtu. Tukaachia hapo.

Baba alifariki mwezi wa sita, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Baada ya mazishi nikaambiwa mdogo wangu aligoma kutia udongo kaburini. Mimi sikuona, nilikuwa nimemshika mama. Nikalimeza neno lile zima zima, na kwa miaka 2 sikumpigia simu. Sababu ninayo: kamkana Mungu, kamkana na baba.

Mwezi uliopita binamu yetu kanirushia video ya siku ile. Mdogo wangu yumo. Anachota udongo, anautia, upesi, kwa mkono wa kushoto. Kinachoninyima usingizi ni hiki: sababu yangu ilikufa palepale, chuki haikufa. Moyo ulidaka ule mkono. Kwa nini wa kushoto? Dharau!

Na bado nakumbuka baba alivyougua, ni yeye aliyekuwa akiiweka miguu yake kwenye beseni la maji ya moto, anasubiri kucha zilainike, anazikata kwa wembe moja moja, kauma ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika. Mimi nilikuwa chumba cha pili naomba.

Je, chuki yangu ilikuwa na akili ikaharibika, au haikuwahi kuwa nayo? Na upendo wake kwa baba, bila Mungu, unasimama juu ya nini?

MbaoMafinga
Kamwene kaka. Mimi pia siamini, ila kwenye kemikali mdogo wako kakosea. Ni kweli mama akinyonyesha mwili wake hutoa oksitosini, kemikali inayohusishwa na upendo wa mama kwa mtoto. Lakini mimi napima mbao. Futi yangu ni ya chuma, na hata ukinieleza chuma kinavyoyeyushwa, bado hujaniambia kama ubao huu una futi 12. Ukimwogopa nyoka una akili; ukimulikiwa tochi ukaona ni kamba, na bado unakimbia, hapo akili haipo. Wewe umemulikiwa.

Hume, mwanafalsafa Mskoti wa karne ya 18, alisema akili ni mtumwa wa hisia. Sikubali kwamba ndivyo siku zote, lakini ule mkono wa kushoto ni mtumwa aliyetumwa kutafuta sababu nyingine baada ya ile ya kwanza kuisha.

Upendo wake unasimama juu ya ile miguu. Ilikuwa ya baba yake, ilihitaji mtu, naye alikuwapo. Sioni kilichopungua.

Mnyalukolo
Mpendwa, mimi ni mwinjilisti huku Iringa. Marko 12:30 inataka tumpende Mungu kwa moyo, roho, akili na nguvu. Akili imetajwa kwa jina. Tena tumeamriwa kuwapenda adui zetu, na huwezi kuliamuru tumbo lisisikie njaa. Kama upendo unaamriwa, basi una masikio, unasikia hoja.

Lakini ndugu wa Mafinga, baba ni rahisi. Adui je? Hapo sijaona akili ya peke yake ikifika. Mimi nafikishwa na Msalaba.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alitofautisha hasira na chuki: hasira humlenga mtu fulani na hupoa kadiri muda unavyopita, chuki inaweza kulenga kundi zima na muda hauiponyi. Nadhani ulichukia "wasioamini", ukamtumbukiza mdogo wako humo. Ndiyo maana video haikutosha. Ilimsafisha yeye, kundi ikaliacha vilevile. Na 1 Yohana 4:20 inasema anayemchukia ndugu yake hawezi kumpenda Mungu; haikuuliza huyo ndugu anaamini nini. Nimeisoma mara nyingi madhabahuni, na leo imenichoma mimi mwenyewe.

MamaUyole
Wanangu, mmesoma, hongereni. Mimi nauza viazi hapa Uyole. Wewe wa Kiwira, habari za ule mkono umekuja kutuuliza sisi tusiokuwapo. Mwenyewe umemuuliza?

Kiwira_Juu
Shikamoo mama. Sikuwa nimemuuliza. Nimempigia jana saa 3 usiku. Ya Mungu hatukuyagusa. Nilipotaja mkono akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Akasema alichimba kaburi na vijana tangu saa 11 alfajiri, mpini wa jembe ukamtoa malengelenge kiganja chote cha kulia, yakapasuka, shangazi akamfunga kitambaa.

Nimeirudia video. Kitambaa kipo, cheupe, kinaonekana wazi kabisa.