Mjadala: Mafuta ya kupikia yaondolewe VAT au yaachwe?

Nianze kwa kusema nimesimama wapi. Mafuta yaondolewe VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, na yaondolewe kwa kutozwa asilimia sifuri, si kwa "kusamehewa". Tofauti ya maneno hayo mawili nitaieleza mbele, maana ndipo tunapopigwa chenga kila Mswada wa Fedha unapofika Bungeni hapa Kenya.

Juni 2024 haijasahaulika. Serikali ilitaka mkate wa kawaida utozwe VAT ya asilimia 16, na mafuta ya mboga yaongezwe ushuru wa bidhaa wa asilimia 25. Watu wakakataa, na tarehe 18 mapendekezo yote mawili yakatolewa kwenye mswada, wiki moja kabla ya vijana walioandamana kuvamia Bunge na rais kukataa kuutia sahihi. Mkate ukapona. Mafuta yakarudi pale pale yalipokuwa, na VAT yao ya asilimia 16. Tulishangilia kuzuia mzigo mpya, ule wa zamani tukauacha kichwani.

Mamangu mdogo anakaanga mahamri Kisauni, Mombasa. Unga wa ngano anaotumia uko kwenye orodha ya asilimia sifuri. Nazi anakuna mwenyewe, haina VAT. Sukari inayo. Mafuta yanayo, na mafuta ndiyo yanayomla. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza na Indonesia ikazuia mafuta yake ya mawese yasitoke nje kwa majuma kadhaa, bei ilipaa. Yeye hakupandisha, hamri lilibaki shilingi kumi. Alichofanya ni kupunguza donge. Nilikuwa nimekaa kando yake akikata, nikaona kisu kinashuka karibu zaidi na pale kilipozoea kushuka. Wateja waliona pia. Hakuna aliyesema neno, wakanunua na mbaazi zao wakaenda kazini.

Sasa tazama duka la mtaani. Kuna mtungi wa lita 20 na kikopo cha kupimia. Mwenye duka hauzi mali ya kufika shilingi milioni 5 kwa mwaka, kwa hivyo sheria haimlazimu kujisajili kwa VAT, na asiyesajiliwa hana pa kudai ile aliyolipa kwa muuzaji wa jumla. Anaitia ndani ya bei, yamekwisha. Mtoto akitumwa mafuta ya shilingi ishirini, karibu shilingi mbili na nusu ni za KRA, mamlaka ya mapato. Hakuna risiti, hakuna anayejua. Ndiyo sababu siafiki wanaosema maskini wa nchi hii halipi kodi. Analipa kila jioni, kwa kikopo.

Wapo wanaosema tajiri ndiye atakayefaidi zaidi kwa sababu ananunua mafuta mengi zaidi. Ukihesabu shilingi, ni kweli. Lakini kwa tajiri mafuta ni tone ndani ya matumizi yake, kwa mamangu mdogo ndiyo mtaji. Wapo pia wanaosema kodi iendelee kukusanywa kisha maskini wapewe pesa mkononi. Sipingi Inua Jamii, mpango wa serikali wa kutoa pesa hizo, hata kidogo. Ila ni shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, mayatima na watu wenye ulemavu walio kwenye orodha. Mwanamke wa miaka 45 mwenye karai la mafuta hayumo humo.

Hoja inayoniumiza kichwa ni ya tatu: wafanyabiashara watameza hiyo nafuu. Hii siwezi kuipuuza. Aprili 2020, wakati wa korona, VAT ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, ikakaa hivyo mpaka mwisho wa mwaka. Mafuta ya ishirini yalibaki ya ishirini. Na yangewezaje kushuka? Hakuna anayerudisha senti hamsini kwenye duka la mabati. Anayenunua kwa sarafu haoni nafuu kwenye bei, ataiona kwenye kipimo: kikopo kijae zaidi kwa ishirini ile ile. Kwa hiyo anayeshika upande wangu asiseme tu "bei itashuka". Aseme pia nani atakagua vikopo. Kazi ya vipimo na mizani iko chini ya kaunti, na kaunti zina maofisa wake. Waende madukani, si sokoni peke yake.

Nirudi kwenye sifuri na kusamehewa. Bidhaa ikisamehewa, kiwanda hakitozi VAT kinapouza, lakini pia hakiruhusiwi kudai VAT kilicholipa kwa mitungi ya plastiki, vipuri na umeme. Gharama hiyo inajificha ndani ya bei na sisi tunailipa bila kuiona. Ikitozwa asilimia sifuri, kiwanda kinarudishiwa. Serikali haipendi marejesho hayo kwa sababu pesa inatoka mfukoni mwake, na malalamiko ya viwanda kuhusu kucheleweshewa ni ya miaka mingi. Basi mbunge wa pwani akisimama na kutangaza kwamba "mafuta yamesamehewa", asipigiwe makofi bado. Mafuta ghafi ya mawese yanashushwa bandarini hapa hapa Mombasa, tunayaona yakipita. Tuna haki ya kuuliza yanapandishwa bei wapi.

Pengo la mapato lipo, sitalificha. Lakini VAT ya petroli na dizeli ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, na hiyo nayo imo kwenye nauli ya kila gunia linaloingia soko la Kongowea. Chakula kimeshachangia vya kutosha.

Ninayetaka kumsikia hasa ni mwenye duka. Mtungi ukishuka bei kwa jumla, kikopo chako utakijaza zaidi? Na kama hutaweza, tueleze ni nini kitakachokuzuia.