Kivumbasi kwa mafua: kiasi gani, na nani asitumie?

Wakuu, huku Hombolo, Dodoma, kivumbasi kimejaa kando ya mizabibu. Mtoto wa miaka 4 ana mafua. Nimfukize au nimnyweshe?

— Usimfukize. Chini ya shuka sufuria hupinduka kirahisi, na maji ya moto ni hatari kuliko mafua yenyewe. Mtu mzima ndiye anayejifukiza: konzi moja ya majani mabichi, lita moja ya maji yaliyokwisha chemka na kuepuliwa. Subiri dakika 2, fumba macho, vuta mvuke dakika 5. Majani yasitokote jikoni; nyumba ikinukia sana ujue mafuta yameshapaa.

— Umesema kando ya mizabibu? Hapo usichume. Zabibu hupigwa dawa ya ukungu, na upepo wa Dodoma unaifikisha mbali. Tafuta porini, osha mara mbili.
Kwa kunywa, mtu mzima: majani 5 kwa kikombe, funika dakika 10, chuja. Mjamzito aache, na anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) pia, maana kivumbasi chenye harufu ya karafuu kina kemikali iitwayo eujenoli, na hiyo hupunguza kuganda kwa damu. Mafuta yake yaliyokamuliwa hayanywewi kabisa, huumiza ini.

— Huyo mtoto mpe maji ya kutosha, pua isafishwe kwa maji ya chumvi yanayouzwa dukani. Akiwa na homa, kipimo cha malaria kwanza. Akihema haraka au kifua kikibonyea, zahanati leo hii. Kivumbasi kitundike dirishani kupunguza mbu, na chandarua kibaki palepale.