Gemu yangu iko Steam, naifikishaje kwenye konsoli?

Fundi Pikseli: Wakuu, habari zenu. Nina gemu ya 2D ya kuruka vikwazo, nimeitengeneza peke yangu kwa Godot, miaka miwili ya kukesha. Kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta, ipo na inauza kidogo kidogo. Sasa kila siku naulizwa: Nintendo Switch lini? PlayStation lini? Steam nililipa dola 100 nikapakia, basi. Huku kwenye konsoli hata pa kupakia sipaoni. Naanzia wapi?

Mzee wa Bagi: Hupaoni kwa sababu hapako wazi, mkuu. Unaomba kwanza kutambuliwa kama mtengenezaji. Nintendo wana Nintendo Developer Portal, Sony wana PlayStation Partners, Microsoft wana ID@Xbox iliyoanza 2013. Wakikukubali unasaini mkataba wa usiri, ndipo unafunguliwa nyaraka na zana. Ndiyo maana ukitafuta maelezo mtandaoni unaokota nusunusu, wanaojua wamefungwa mdomo. Wewe una bahati, una gemu inayouzwa tayari. Wape kiungo cha Steam na video fupi mtu akiicheza, usiwaandikie insha ya ndoto zako.

Dada Msimbo: Fomu ni ndogo, shida yako ni injini, yaani programu uliyotengenezea gemu. Godot ni programu huria, msimbo wake uko hadharani, na zana za konsoli ni siri. Viwili hivyo haviwezi kukaa kapu moja, kwa hiyo usitegemee kitufe cha Switch ndani ya Godot ya kawaida. Ama uiandike sehemu hiyo mwenyewe, ama ulipie wanaofanya kazi hiyo, mfano W4 Games, iliyoanzishwa na watu wa Godot wenyewe. Wanaotumia injini nyingine, Unity na Unreal, wakishakubaliwa na mwenye konsoli wanapewa moduli yake, kipande cha kuipeleka gemu kwenye konsoli hiyo. Lakini tafadhali usianze kuiandika gemu upya kwa Unity! Nilifanya hivyo, mwaka mzima ukaenda na gemu ilibaki ileile, na bagi mpya (hitilafu) juu.

Fundi Pikseli: Duh. Na nikitafuta mchapishaji anibebee?

Dada Msimbo: Inawezekana, wengi wana akaunti tayari na mafundi wa kuhamisha gemu. Ila duka lina makato yake, kisha mchapishaji naye anachukua fungu lake. Soma kwenye mkataba nani analipwa kwanza, gharama zake au wewe. Na haki za gemu zibaki zako.

Mzee wa Bagi: Hakuna aliyegusa ukaguzi, na ndiko watu wanakoangukia. Kabla ya kutoka, gemu inapimwa na mwenye konsoli. Nintendo wanauita Lotcheck. Hawaangalii kama gemu ni tamu. Wanaangalia pedi ikikatika katikati ya mchezo inakuwaje, konsoli ikilazwa na kuamshwa inakuwaje, nafasi ya kuhifadhi ikijaa unamwambia nini mchezaji. Mimi nilirudishwa kwa sababu ya picha moja ya kitufe. A ya Xbox iko chini, A ya Nintendo iko kulia, nami ukurasa mmoja wa mafunzo nilisahau kuubadilisha. Nikarekebisha, nikarudi foleni upya. Daraja la umri lisikutishe, kwa gemu za kupakua unajibu maswali ya IARC, mfumo wa kimataifa wa kupanga madaraja ya umri, ni bure.

Fundi Pikseli: Nimejaribu sasa hivi, nimechomoa pedi huku nacheza. Jamaa yangu kaendelea kukimbia hadi kajitumbukiza shimoni.

Mzee wa Bagi: 😂 Anza na hiyo basi. Fomu utajaza kesho.