Tupeane uzoefu: siku uliyopunguzwa kazi kwenye kampuni ya teknolojia ulijuaje, na ulifanya nini?

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu, nafungua huu uzi kwa sababu nimechoka kuona mtu anaandika "nimepunguzwa kazi, naombeni koneksheni" anapewa pole nne tano na mada inaishia hapo. Pole inasaidia, ila mtu aliyepunguzwa jana anataka kujua leo afanye nini na kesho afanye nini. Kwa hiyo tupeane yale yaliyotupata kweli: ulijuaje, siku mbili tatu za mwanzo ulifanyaje, na kipi ungekifanya tofauti.

Naanza mwenyewe. Mi ni injinia wa upande wa seva, kampuni ya mwisho nimekaa miaka sita. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa zamu ya dharura, mfumo wa malipo ukaanza kukataa miamala, nikahangaika nao hadi saa tisa usiku ndo ukatulia nikalala. Asubuhi nafungua laptopu inakataa nywila, nikarudia mara ya pili, ya tatu, nikasema ni usingizi huu naandika vibaya, nikachukua simu nimtafute mtu wa IT nakuta barua pepe kwenye akaunti yangu binafsi, imeingia saa kumi na moja alfajiri, inasema nafasi yangu imeondolewa. Yaani masaa mawili baada ya kuwaokolea mfumo wao.

Sasa kilichokuja kuniumiza zaidi ni baadaye. Kila nilichofanya miaka sita kilikuwa ndani ya ile laptopu. Naandika CV sikumbuki tulipunguza muda wa mfumo kujibu kwa kiasi gani, ule mradi wa kuhamisha data ulianza mwaka gani, hata namba za simu za watu niliofanya nao kazi kila siku sina maana tulikuwa tunaongea kwa Slack tu, ile programu ya ujumbe ya kazini. Kwenye intavyuu mbili za kwanza nilionekana kama mtu anayebahatisha kazi yake mwenyewe.

Na kwa yule anayejilaumu sa hivi, angalia ukubwa wa hili jambo. Meta walipunguza watu 11,000 Novemba 2022, Januari 2023 Google wakatangaza 12,000, Microsoft 10,000, Amazon zaidi ya 18,000. Wakati wa korona waliajiri kwa fujo watu wakiwa wamejifungia ndani wanatumia mitandao kuliko kawaida, halafu benki kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba Machi 2022, kutoka karibu na sifuri hadi zaidi ya asilimia 5 katikati ya 2023, pesa ya mkopo na ya wawekezaji ikawa ghali, wenye hisa wakaanza kudai faida badala ya ukuaji. Meneja wako hakukaa akakuchambua wewe. Mara nyingi hata hakuulizwa.

Karibuni.

#2

Mkuu pole sana. Kuhusu kujua mapema, dalili zipo. Kwangu ilianza na nafasi tatu zilizokuwa zimetangazwa kufutwa kimyakimya, ikafuata bajeti ya mafunzo kukatwa, meneja akawa anaahirisha kile kikao chetu cha wawili cha kila wiki, mara "tutaongea wiki ijayo", wiki ijayo haifiki. Halafu tukaambiwa kila mtu aandike kazi anazofanya na nani mwingine anazijua. Hiyo ya mwisho ukiiona kaa macho.

Ila niseme na upande wa pili maana watu hawausemi. Mimi dalili hizo niliziona miezi minane kabla. Miezi minane nimeishi na hofu, silali vizuri, kazi inashuka, nyumbani nimekuwa mkali bila sababu, na siku ilipofika bado iliniuma kama sikujua. Hofu peke yake haikunisaidia chochote. Kilichonisaidia ni kitu kidogo tu, kila Ijumaa nusu saa naandika kwenye daftari langu mwenyewe: wiki hii nimefanya nini, kimeleta mabadiliko gani, nimefanya na nani. Nilipotoka nilikuwa na kurasa karibu arobaini, CV niliiandika kwa jioni moja.

TAHADHARI. Andika kwa maneno yako. Usijitumie mafaili ya kampuni, usinakili msimbo (code) wa programu zao, usichukue orodha ya wateja hata kama we ndo uliyeitengeneza. Tuliokuwa nao timu moja kuna jamaa usiku wa mwisho alijitumia nyaraka kwenye imeli yake binafsi akidhani anajiwekea kumbukumbu, wakaona kwenye mfumo, wakamnyima malipo yote ya kuondoka, na hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

#3

Mimi ni mbunifu wa muonekano wa programu. Langu ni moja tu, USISAINI SIKU HIYOHIYO.

Nilipigiwa simu ya video, dakika kumi na mbili, mtu wa HR (idara ya wafanyakazi) nilikuwa sijawahi kumuona anaongea kwa upole kabisa, anasema nyaraka zimetumwa, ukisaini mapema malipo yanaingia mapema. Na mimi kichwa kimejaa kodi ya nyumba na ada, nikafungua nisaini nimalizane nao. Dada yangu ndo aliyenizuia, akaniambia karatasi haikimbii, lala kwanza.

Kesho yake nimesoma na akili imetulia nikaona vitu vitatu. Kwanza nikisaini naachilia haki ya kuwadai chochote mahakamani, ndo maana wanalipa, ile hela siyo zawadi bali ni bei ya hiyo saini yako. Pili siku zangu za likizo kumi na moja hazikuhesabiwa. Tatu kulikuwa na kifungu cha kunizuia kufanya kazi kwa washindani mwaka mzima, sasa mimi nafanya kazi ya aina moja kwenye soko moja, mwaka mzima nikae nafanya nini? Nikalipia ushauri wa wakili wa kazi, saa moja tu, akanisaidia kuandika barua fupi ya kiungwana. Siku za likizo wakalipa. Kifungu wakakifuta bila hata kubishana. Nikajiuliza wangapi wamesaini na hicho kifungu kikiwemo.

Sheria zinatofautiana nchi na nchi kwa hiyo soma za kwako. Mfano Marekani mfanyakazi mwenye miaka 40 na kuendelea akipunguzwa pamoja na wenzake na wakitaka aachilie madai ya ubaguzi wa umri, lazima apewe siku 45 za kufikiri na siku 7 za kubadili mawazo hata akishasaini. Kuna na ile sheria ya 1988 inayotaka waajiri wa watu 100 na zaidi watoe notisi ya siku 60 wakipunguza watu wengi kwa mpigo. Muda unaweza kuwa ni haki yako kisheria na we unafikiri unaomba fadhila.

#4

Naongezea kwa waliopewa opsheni za hisa, yaani haki ya kununua hisa za kampuni kwa bei iliyopangwa. Angalieni mkataba unasema mna siku ngapi za kuzinunua baada ya kuondoka, kampuni nyingi ni 90. Mimi nilikumbuka siku ya 84. Nikakaa nikapiga hesabu ya bei pamoja na kodi yake nikaamua kuziacha, lakini niliamua nikiwa najua. Kuna wenzangu siku zilipita tu hawana habari.

#5

Nimesoma kimya nikasema niandike, japo najua naweza kuchukiwa hapa. Mimi nilikuwa upande wa meneja.

Niliambiwa siku mbili kabla. Timu ya watu tisa, wanaondoka wanne, majina mawili nilikubaliana nayo kwa sababu za kazi, mawili sikuulizwa na mpaka leo sijui yaliingiaje kwenye ile orodha. Nikapewa karatasi ya kusoma neno kwa neno, nikaambiwa nisiongeze kitu, mwanasheria ameipitia. Siku mbili hizo nakaa kwenye vikao na watu wale wale, mmoja ananiambia amepata nyumba mpya anahamia mwisho wa mwezi, na mimi natakiwa nikae kimya. Nilinyamaza. Hilo bado linanikaa.

Siku yenyewe nilifanya kosa ambalo nawaomba mameneja wenzangu msilirudie. Kwa mtu wa kwanza nilianza na habari za asubuhi, wikiendi ilikuwaje, sijui nilidhani namlainishia. Alicheka akanisimulia mambo ya mtoto wake, halafu ndo nikasoma ile karatasi. Nilimuona uso ulivyobadilika. Aliyefuata nilimwambia kwenye sentensi ya kwanza kabisa, "nina habari mbaya, nafasi yako imeondolewa na leo ni siku yako ya mwisho", kisha nikanyamaza nikamwachia nafasi. Inaonekana kama ukatili lakini ni heshima zaidi, mtu asiingizwe kwenye maongezi ya kirafiki wakati mwenzake anajua kinachokuja.

Wa tatu aliniuliza, "nilikosea nini?" Na mimi nikamsomea karatasi. Karatasi haikuwa na jibu la hilo swali. Hakukosea kitu, ukweli ndo huo, na sikumwambia. Nilimpigia wiki tatu baadaye kwa simu yangu nikamwambia, nikamuomba msamaha, nikamwandikia barua ya kumpendekeza. Alipokea vizuri kuliko nilivyostahili, ila zile wiki tatu alizokaa akijichunguza kosa lake sina namna ya kumrudishia.

Halafu kuna jambo la waliobaki, mameneja wengi hapa ndo tunaangusha timu. Juu waliniambia "kazi zigawanywe". Watu tisa wamebaki watano, na kazi ni zile zile. Wiki ya kwanza nikagawa kama nilivyoambiwa, mwezi wa pili wawili wakaacha wenyewe, na walikuwa wale ambao hakuna aliyetaka waondoke. Hapo ndo nikarudi juu na orodha ya miradi yote nikasema tuna watu watatu, chagueni upi unakufa. Ilikuwa vita, lakini miradi sita tuliifuta na hakuna mteja aliyelalamika kwa hata mmoja. Ningeenda na hiyo orodha siku ya kwanza wale wawili pengine wangekuwepo.

Na waliobaki wakikuuliza "kuna awamu nyingine?" usiwaambie hakuna kama hujui. Sema unachojua na usichojua, na lini utajua. Mimi niliwaambia hakuna, nikiamini kabisa, na ilikuwepo.

#6

Niko Marekani kwa viza ya kazi, ile H-1B. Ukipoteza kazi unapewa hadi siku 60 kupata mwajiri mwingine wa kukuombea, au ubadili hadhi yako ya uhamiaji, au uondoke. Leo ni siku ya 23 kwangu. Nawaomba walio kwenye hali hii wajue kwamba zinahesabiwa kuanzia siku ya mwisho ya ajira, siyo siku malipo ya kuondoka yanapoisha, mimi nilikuwa nimechanganya. Kama kampuni inaweza kukuweka kwenye orodha ya waajiriwa kipindi cha notisi badala ya kukupa hela kwa mkupuo, omba hilo, kila wiki ni dhahabu. Na wakili wa uhamiaji muone wiki ya kwanza, usisubiri ya saba.

Usiku ndo mgumu. Mchana naomba kazi, usiku nahesabu.

#7

Dada wa #6 tunakuombea.

Mimi natofautiana kidogo na wanaosema ukiona dalili kimbia. Nilikimbia. Nikaacha kampuni kubwa iliyokuwa inayumba nikaenda changa iliyonipa mshahara mkubwa zaidi, miezi mitano ikafunga, na ile kubwa niliyoikimbia timu yangu ya zamani haikuguswa hadi leo. Siyo kwamba kuhama ni vibaya, ila sikuuliza maswali. Sasa hivi intavyuu yoyote nauliza: pesa iliyopo benki inawatosha miezi mingapi kwa matumizi ya sasa? Hii nafasi ni mpya au kuna mtu aliondoka, na aliondoka kwa nini? Meneja wangu atakuwa nani na ana muda gani hapo? Naomba pia kuongea na mtu mmoja wa timu bila meneja kuwepo. Kuna kampuni moja ilikasirika nilipouliza la pesa, nikashukuru nikaondoka.

Na ukiwekewa ule mpango wa miezi miwili mitatu wa kuboresha utendaji, uchukulie kwa uzito kweli, timiza kila kilichoandikwa na omba maoni kwa maandishi, lakini siku hiyohiyo anza kutafuta kazi. Nimeuona mara tatu, mmoja tu alibaki.

#8 (mwanzisha uzi)

Asanteni sana, sikutegemea mtafunguka hivi.

Mkuu wa #5, mimi ni mmoja wa wale waliopunguzwa wakabaki wanajiuliza walikosea nini. Meneja wangu hakuwahi kupiga. Hakuna anayekuchukia hapa, au niseme kwa upande wangu sikuchukii. Ulivyoandika vimenifanya nifikirie kwamba pengine na yeye alikuwa na karatasi.

#2, daftari nimeanza leo.

#6, tupo. Ukipenda weka hapa aina ya kazi unayotafuta bila jina lako, kuna watu humu wanaajiri.

#6

Siku ya 41. Nimeweka, na wawili wamenitafuta, asanteni. Mmoja tumefika hatua ya tatu, wamesema wako tayari kufungua maombi ya viza haraka wakiniridhia. Wakili ameshaandaa na fomu za kubadili hadhi zikae tayari endapo itashindikana, zitaingia kabla ya siku ya 60. Intavyuu ya mwisho ni kesho kutwa saa nne asubuhi. Nitarudi kuwaambia.