Naomba ushauri: boroni inapunguza uzito kweli?

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada, hasa wenye ujuzi wa lishe au dawa.

Natumia vidonge vya boroni (aina ya madini) vya miligramu 6, kimoja kwa siku baada ya kula. Nilivianza kwa ajili ya magoti, ila kila ninayemgusia ananiambia vinaamsha metaboli (jinsi mwili unavyochoma chakula) na kuyeyusha kitambi. Mizani haijatikisika, na mkanda naufungia tundu lilelile.

Nimejaribu kusoma. Naona habari za kupungua uzito zinatokana zaidi na panya waliopewa boroni kwenye maji ya kunywa. Kwa binadamu ushahidi ni haba mno. Kikomo cha juu kwa mtu mzima, Marekani wameweka miligramu 20 kwa siku, Ulaya 10, na hapo chakula nacho kinahesabiwa: zabibu kavu, karanga, maharage na parachichi vyote vina boroni. Jamaa yangu anasema nipande hadi vidonge vitatu, yaani 18. Nasita, maana boroni hutolewa na figo, nami niko kwenye dawa za presha. (Mwingine kanitajia boraksi ya kufulia, eti nayo ina boroni! Hiyo sitaki hata kuisikia.)

Sasa, kuna aliyepungua kwa boroni peke yake, bila kugusa mlo wala mazoezi? Na kabla sijaendelea, nimwombe daktari anipime figo tu, au na homoni za thairoidi (tezi ya shingoni), maana nazo hugusa uzito?

Natanguliza shukrani.